Oili ya Pikapu: Isome Kabla ya Kuinunua

Siku hizi pikapu zimeongezeka vijijini kwetu. Katika wilaya za Mbulu na Hanang utazikuta kila siku ya mnada. Zinabeba vitunguu saumu kutoka Bashay, ngano kutoka Basotu, mahindi, mbaazi na mbuzi. Usiku zinabeba wagonjwa na akina mama wajawazito kwenda hospitali ya Haydom. Nyingine ni mali ya mtu mmoja. Nyingine ni mali ya kikundi, na zimenunuliwa kwa fedha za misimu miwili au mitatu ya mavuno.

Injini ya pikapu kama hiyo ikifa, hasara haiishii kwenye gari. Mazao yanalala shambani. Mnunuzi anakwenda kijiji kingine. Mgonjwa anabebwa kwa pikipiki, akishikiliwa na ndugu zake. Mambo yanayoua injini mapema ni mengi, lakini moja kubwa ni oili mbaya, au oili nzuri iliyokaa muda mrefu mno.

Katika maduka ya Babati, Katesh na Mbulu mjini kuna oili za namna mbili. Iko ya kawaida, ambayo bei yake ni ya chini. Iko ya sintetiki, ambayo bei yake ni mara mbili au zaidi. Muuzaji hukuambia: "Chukua hii ya sintetiki. Utakwenda kilomita 15,000 bila kumwaga oili." Wananchi wengi wanauliza kama maneno hayo ni ya kweli.

Sintetiki ni oili nzuri, hilo ni kweli. Lakini kwa barabara zetu na mizigo yetu, haifai kuachwa kilomita 15,000. Na pikapu ya zamani isiyo na turbo inaweza kufanya kazi vizuri miaka mingi kwa oili ya kawaida, mradi imwagwe kwa wakati. Kumwaga oili maana yake ni kuitoa yote ya zamani na kuweka mpya. Kuongeza kidogo juu ya ile ya zamani siyo kumwaga.

OILI INAFANYA KAZI GANI?

Watu wengi wanajua kwamba oili inalainisha vyuma visisagane. Hiyo ni kazi moja. Oili pia hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki. Huziba nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda, ili nguvu isipotee. Tena huosha. Dizeli ikiungua huacha masizi. Oili huyakamata masizi hayo na kuyashikilia yasigande ndani ya injini.

Ndiyo sababu oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa. Wengine wakiiona nyeusi husema dukani wameuziwa oili feki. Sivyo. Oili iliyo nyeusi inaosha. Hivyo usiamue kwa rangi. Amua kwa kilomita, kwa muda, na kwa kazi ambayo gari limefanya.

Oili ya kawaida hutolewa kwenye mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini. Husafishwa, halafu huchanganywa na dawa mbalimbali za kuosha na za kuzuia kutu. Oili ya sintetiki hutengenezwa kiwandani kwa utaalamu zaidi, ili chembe zake zilingane. Wajerumani walitengeneza oili za namna hii wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa sababu mafuta ghafi yalikuwa haba kwao. Katika miaka ya 1970 zilianza kuuzwa madukani kwa magari ya kawaida. Kwa kuwa chembe zake zinalingana, sintetiki haigandi upesi kwenye baridi, wala haiungui upesi kwenye joto kali. Iko pia nusu sintetiki, ambayo ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Sasa wafugaji wafikirie josho. Dawa ya josho iwe ya bei kubwa namna gani, ng'ombe wakiingia na matope na samadi, josho litachafuka. Ubora wa dawa hauondoi matope. Oili ni hivyo hivyo. Sintetiki yenyewe haichakai upesi, lakini masizi yanaingia, vumbi linaingia, na dizeli ambayo haikuungua inachuruzika humo. Uchafu huo hauulizi oili ilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

KILOMITA ZA MLIMANI NI NDEFU

Vitabu vingi vya pikapu za dizeli huagiza oili imwagwe kila kilomita 5,000. Vingine husema 10,000. Lakini soma ukurasa mzima. Mbele kidogo utakuta maelezo ya kazi ngumu. Humo wametaja vumbi, mizigo mizito, kupanda milima, safari fupi fupi, na kuacha injini inanguruma gari likiwa limesimama. Wanasema gari la namna hiyo limwagwe oili mapema zaidi, mara nyingi nusu ya kilomita za kawaida. Msomaji wa Mbulu au Hanang ataona kwamba hilo ni gari lake.

Chukua mteremko wa Magara. Ziwa Manyara liko karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700. Pikapu iliyobeba mbolea kutoka bondeni inapanda zaidi ya mita 700, tena kwa gia ndogo. Injini inalia sana lakini magurudumu yanazunguka polepole. Saa ya kilomita inaandika kidogo, injini imefanya kazi kubwa.

Tupige hesabu. Pikapu inayokwenda kwenye lami kati ya Babati na Katesh kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa humaliza kilomita 5,000 kwa saa 83 hivi. Pikapu inayokwenda kwenye njia za shambani na milimani kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa humaliza kilomita hizo hizo kwa saa 250. Ni mara tatu. Saa ya kilomita inasema magari haya yako sawa. Injini zake haziko sawa hata kidogo.

Watu wa Hanang hawawezi kushangazwa na hesabu hii. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalipoendelezwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, wengi walijifunza kazi ya trekta. Trekta haipimwi kwa kilomita. Ina saa yake, na oili humwagwa kwa kuhesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Pikapu ya shambani ni nusu gari na nusu trekta. Inafaa itunzwe kwa akili hiyo.

Kwa hiyo, kama kitabu cha pikapu yako ya dizeli kinasema kilomita 5,000, na gari linatumika zaidi kwenye lami, fuata 5,000. Kama linashinda kwenye vumbi, milima na mizigo, mwaga kati ya kilomita 3,000 na 4,000. Na kama gari halitembei sana, usingoje kilomita. Mwaga kila miezi 6. Hata gari lililolala chini ya mti oili yake huharibika, kwa sababu ya unyevu unaoingia na dizeli iliyobaki humo.

HESABU YA FEDHA

Muuzaji wa sintetiki ana hesabu yake, na kwenye karatasi hesabu hiyo ni sahihi. Tuseme injini inaingiza lita 6. Tuseme oili ya kawaida ni shilingi 12,000 kwa lita, sintetiki ni shilingi 30,000, na filta ya oili ni shilingi 15,000. Bei hubadilika, nawe weka bei za duka lako.

Ukitumia oili ya kawaida na kuimwaga kila kilomita 5,000, kila mara utalipa shilingi 87,000 pamoja na filta. Kwa kilomita 15,000 utakuwa umelipa mara tatu, yaani shilingi 261,000. Ukiweka sintetiki mara moja kwa kilomita hizo zote utalipa shilingi 195,000. Hapo muuzaji anacheka. Umeokoa shilingi 66,000.

Kama pikapu ni ya kikundi cha watu 20, kila mwanachama ameokoa shilingi 3,300. Kwa shilingi hizo 3,300 mmekubali masizi na vumbi vya kilomita 15,000 vizunguke kwenye beringi na kwenye turbo. Filta ya oili nayo imejaa zamani. Filta ikijaa sana, injini haiwezi kuachwa bila oili, hivyo kuna mlango mdogo unaofunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa. Kuanzia hapo injini inakunywa maji ya josho chafu. Injini ikifa katikati ya mavuno, matengenezo yake yatahesabiwa kwa mamilioni.

Je, sintetiki basi ni anasa? Hapana. Pikapu za siku hizi nyingi zina turbo. Turbo ni feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini, nayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwenye joto kali la moshi. Oili hafifu huungua humo na kuganda kama lami. Kama kitabu cha gari lako kimeagiza sintetiki, nunua sintetiki, wala usibishane nacho. Ila usirefushe kilomita kwa sababu umelipa zaidi. Na ukimaliza kupanda mlima, usizime injini papo hapo. Iache ingurume dakika moja au mbili ili oili iipoze turbo.

Kwa pikapu ya zamani isiyo na turbo, mimi ningechagua oili ya kawaida iliyo nzuri. Fedha inayobaki ningenunulia filta ya oili na filta ya hewa. Kumwaga mara tatu oili ya kawaida kunaifaa injini ile kuliko kumwaga sintetiki mara moja.

KUSOMA KOPO

Hapa ndipo elimu ya kusoma inapolipa. Kopo la oili lina picha ya gari zuri na maneno makubwa ya kusifu. Yaache hayo. Tafuta maandishi madogo.

Kwanza tafuta namba kama 15W-40. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi. Namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikiwa ya moto. Namba ya kwanza ikiwa ndogo, oili hutiririka kwenye baridi kali zaidi. Wapo wauzaji wanaosema kwamba kwa sababu Mbulu kuna baridi, lazima ununue 5W au 0W. Baridi ya Mbulu mwezi wa Julai tunaijua, na mablanketi yetu yanaijua. Lakini oili ya 15W hujaribiwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambako maji yote ni barafu. Mbulu haijafika huko. Kwa baridi yetu, 15W-40 inatosha kabisa. Kununua 5W ni lazima tu pale kitabu cha gari kinapoiagiza, kwa kuwa baadhi ya injini mpya zimetengenezwa kwa ajili ya oili nyepesi.

Halafu tafuta herufi zinazofuata neno API. Hiki ni kipimo cha Wamarekani kinachotumika dunia nzima. Herufi ikianza na C, oili ni ya dizeli. Ikianza na S, ni ya petroli. Kopo jingine lina zote mbili. Herufi ya pili huonyesha oili ni ya kizazi gani, na kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi. CI-4 ilitolewa mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016. Pikapu ya dizeli ya zamani itatosheka na 15W-40 yenye CI-4. Ukikuta kopo la bei poa sana limeandikwa CC au CD, liache rafuni. Hizo ni oili za kizazi kilichopitwa na wakati zamani sana.

Baadhi ya pikapu mpya za dizeli zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Hizo zinataka oili maalumu isiyoacha majivu mengi. Mara nyingi huandikwa DL-1, au C2, au C3. Ukiweka oili nyingine, injini inaweza isione tabu, lakini chujio litaziba polepole, na bei ya chujio hilo ni kubwa. Kabla ya kununua pikapu ya namna hiyo, ulizeni kwanza kama lina chujio na kama oili yake inapatikana karibu.

Mwisho tazama kizibo na alama ya ubora ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Kizibo kiwe hakijafunguliwa. Dai risiti. Mtu akikuuzia oili ya kupima kutoka kwenye pipa, hujui ni oili gani, hata kama pipa limeandikwa vizuri. Wapo matapeli wanaokusanya makopo matupu na kuyajaza oili chafu iliyochujwa. Kwa hiyo ukimaliza kutumia kopo, litoboe. Najua akina mama watanung'unika, maana dumu la lita 5 ni chombo. Lakini dumu lililokuwa na oili halifai kwa maji ya kunywa, na kwa maziwa halifai kabisa.

VUMBI

Kuanzia mwezi wa Juni mpaka mvua za vuli, njia za Basotu na za kuelekea Haydom zina vumbi jingi. Ukilifuata lori, huoni mbele. Injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo. Kinachoizuia ni filta ya hewa peke yake. Filta ikitoboka, au mpira wake ukiwa haukubani vizuri, vumbi linaingia kwenye silinda na kuchanganyika na oili. Mchanganyiko huo unasaga chuma kama tupa. Nimeona watu wakinunua oili ya bei ya juu kabisa huku filta ya hewa ina tundu la kupitisha kidole. Hakuna oili duniani inayoshinda tundu hilo.

Wakati wa kiangazi fungua filta ya hewa kila wiki. Ikung'ute taratibu, au ipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Iinue kwenye jua utazame kama kuna mwanga unaopenya kwenye tundu. Ikichanika, badilisha. Usiioshe kwa petroli.

Oili yenyewe ipimwe kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari. Gari lisimame mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipita alama ya juu nayo ni hatari, maana itachapwa na kutoa povu, na povu halilainishi. Ikipungua ukiwa safarini na oili yako haipatikani, ongeza yoyote nzuri ya injini. Oili za kawaida na sintetiki huchanganyika bila kudhuru. Injini kukosa oili ni kubaya zaidi. Ukifika nyumbani, mwaga yote uanze upya.

Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, usiwashe gari. Maji yameingia. Ni hivyo pia kwa gari lililozama kwenye korongo au lililofunikwa na tope. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80. Magari yaliyokumbwa na mafuriko ya namna ile hayawashwi kwa kubahatisha. Oili hutolewa kwanza, fundi akatazama kama kuna maji.

DAFTARI NA OILI CHAFU

Pikapu ya kikundi ina madereva wengi na kumbukumbu chache. Kila mmoja hudhani mwenzake alimwaga oili. Nunueni daftari moja likae ndani ya gari. Siku ya kumwaga oili andikeni tarehe, kilomita zilizosomeka, namba na herufi za kopo, filta iliyobadilishwa, na kilomita za kumwaga tena. Mathalani: "Tarehe 4 Julai. Kilomita 182,400. 15W-40 CI-4, lita 6. Filta mpya. Tena 185,900." Mweka hazina asaini. Dereva asiyeandika asipewe ufunguo.

Oili iliyotolewa isimwagwe chini. Ikinge kwenye beseni la zamani wakati injini ikiwa ya uvuguvugu, kisha itie kwenye dumu lenye alama na uipeleke gereji wanakoikusanya. Isiachwe karibu na kisima, korongo au Ziwa Basotu, kwani oili kidogo tu huharibu maji mengi. Wapo wafugaji wanaoipaka mbuzi wenye ukurutu. Acheni kabisa. Oili chafu ina vyuma na sumu zinazopenya ngozini, na mbuzi hujilamba. Dawa ya ukurutu ipo, na mtaalamu wa mifugo wa kata ataeleza kipimo chake. Fundi naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana oili chafu ikikaa kwenye ngozi miaka mingi huweza kuleta saratani.